Mintarafu ya Matairi Yasiyolingana

Kwa muda sasa bandari ya Mombasa imekuwa ikishusha magari ambayo zamani watu wa pwani hii waliyaona katika majarida tu: magari mafupi ya kimo, mapana ya mabega, yenye injini za nguvu na rimu kubwa, yaliyotumika Japani au Uingereza miaka michache na kuuzwa kabla sheria ya Kenya, isiyokubali kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, haijayafungia mlango. Wanunuzi wake aghalabu ni vijana waliojinyima wakaweka akiba, nao huyapenda magari hayo kwa mapenzi ya kweli. Walakini siku matairi yanapokwisha ndipo wengi wao hugundua kuwa ya nyuma hayalingani na ya mbele, na kwamba hawajui wanunue nini.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Gari lake ni BMW 330i ya kizazi cha F30, na matairi yake ni 225/45 R18 mbele na 255/40 R18 nyuma. Alikwenda kwa wauzaji kadhaa: wa kwanza akamshauri atie manne yaliyo sawa ili aweze kuyabadilisha mbele na nyuma yapate kulika pamoja, wa pili akamwambia kuwa tairi ni tairi na majina ya viwanda ni matangazo ya biashara, na wa tatu akampa bei nzuri ya mawili ya chapa moja na mawili ya chapa nyingine. “Shikamoo, mjomba,” aliniambia kwenye simu, “mimi sasa nishike neno la nani?” Tarakimu alizonisomea hazikuwa ngeni kwangu. Ndizo zile zile nilizofundishwa kuzipigia hesabu nilipokuwa kijana ugenini, na kwa kuwa jawabu la swali lake ni refu kuliko mazungumzo ya simu, nimeona heri niliandike, lipate kuwafaa na wengine walio katika tashwishi kama yake.

Niliingia Maskati mwishoni mwa miaka ya 1990, nikapata kazi kwa mzee mmoja mwenye duka la matairi Wadi Kabir, mtaa wa gereji na vipuri ambao jua lake la mchana hupiga chini likarudi usoni. Mzee huyo alizaliwa Unguja, akarejea Omani pamoja na wengi wengine baada ya Sultan Qaboos kushika ufalme mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kwao. Kwa hiyo dukani mwake Kiarabu kilikuwa lugha ya wateja, Kimalayalamu na Kiurdu lugha za mafundi, na Kiswahili lugha ya kupima na kuamua, maana kila alipofika mahali pa kufikiri kwa makini alirudi kwenye lugha ya utoto wake. Nilimwita Ami kwa taadhima, ingawa hatukuwa na nasaba, naye aliniita mwanangu.

Gari la kwanza lenye matairi yasiyolingana ambalo nililitia jeki kwa mkono wangu lilikuwa BMW M3 ya umbo lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mbele lilikuwa na 225/45 kwenye rimu ya upana wa inchi 8, na nyuma 255/40 kwenye rimu ya inchi 9, rimu zote zikiwa na kipenyo cha inchi 18. Nilidhani, kama wanavyodhani wengi hata leo, kwamba 40 ni ndogo kuliko 45 na kwa hiyo tairi la nyuma ni fupi. Ami akachana kipande cha boksi, akanipa penseli, akasema, “Mwanangu, usiisome namba ya nyuma kabla hujaisoma ya mbele, na usizisome mbili hizo kabla hujazipigia hesabu.” Asilimia 45 ya 225 ni milimita 101 na robo, nacho ndicho kimo cha ukuta wa tairi, kuta mbili, ya juu na ya chini, ni 202.5, rimu ya inchi 18 ni milimita 457.2, jumla 659.7. Asilimia 40 ya 255 ni 102. Mara mbili 204. Ukijumlisha na rimu, 661.2. Tofauti ni milimita moja na nusu katika kitu kinachokaribia milimita 660. Ile namba ya pili ni sehemu ya namba ya kwanza, haisimami peke yake, na mhandisi aliyeongeza upana wa nyuma kwa milimita 30 aliipunguza makusudi ili kimo kisalie pale pale.

Kipande kile cha boksi nilikiweka muda mrefu, na hesabu ile niliirudia kwa kila gari lililoingia, mpaka ikawa desturi. Hata mojawapo ya magari ya barabarani yaliyotangulia kuvaa matairi yasiyolingana, Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973, lilikuwa na uwiano wa namna hiyo: 185/70 mbele na 215/60 nyuma kwenye rimu za inchi 15, na ukizipigia hesabu utapata takriban milimita 640 mbele na 639 nyuma. Lakini nilijifunza pia kwamba kulingana kwa vimo si sheria ya lazima. Ile 911 Carrera S iliyotoka baadaye, ya namna ya 997, ilikuwa na 235/35 mbele na 295/30 nyuma kwenye rimu za inchi 19, na nyuma ilizidi mbele kwa milimita 12 na nusu, kwa kusudi la waliolitengeneza. Kwa hiyo anayeulizwa habari za matairi haya hana budi kuanza na kile alichokiamua mtengenezaji wa gari lenyewe, akakijua kwa tarakimu, ndipo aulize kama ipo sababu ya kukiacha.

Na kwa nini nyuma pawe pana? Swali hili nilimwuliza Ami, naye hakunijibu kwa maneno matupu, bali alinitaka nilisukume gari kwa ubavu, nikiegemea juu ya gurudumu, nitazame chini. Niliona ukuta wa tairi ukijikunja na rimu ikisogea pembeni ilhali mpira uliogusa sakafu umebaki ulipo. Hivyo ndivyo hutokea konani. Tairi halifuati kamili upande linakoelekezwa. Hujinyonga kidogo pale linapogusa njia, na gurudumu likaenda kwa pembe ndogo, mbali na linakotazama. Pembe hiyo huongezeka kadiri nguvu ya ubavuni inavyoongezeka, na tairi pana huhitaji pembe ndogo kuliko jembamba ili kubeba nguvu ile ile. Ikiwa pembe ya nyuma imekuwa kubwa kuliko ya mbele, mkia hutaka kutangulia kichwa. Ikiwa ya mbele ndiyo kubwa, pua huikataa kona na gari hutanuka kwenda nje. Hali hii ya pili dereva wa kawaida huiweza, maana akiachia mafuta kidogo gari hurudi njiani. Ile ya kwanza huwaweza madereva walio wengi. Tena tairi lina kiasi kimoja tu cha kukamata njia, na katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kiasi hicho hugawiwa kazi mbili, kulisukuma gari mbele na kulizuia lisiserereke ubavuni, hali ya kuwa matairi ya mbele wakati huo yana kazi ya kupinda peke yake. Ndiyo maana injini ilipoongezwa nguvu, upana uliongezwa nyuma.

Macho hudanganyika hapa. Anayeona tairi pana hudhani limegusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, kumbe eneo hilo hutegemea sana uzito uliolielemea na upepo uliomo, na upana hubadilisha zaidi umbo lake: huwa fupi kwa urefu na refu kwa upana. Umbo hilo huisaidia kona, lakini halisaidii kwenye maji, kwa sababu tairi pana lina maji mengi ya kusukuma kando kabla halijafika njiani.

Ghururi ya upana niliiona kwa karibu kwa kijana mmoja aliyekuja na Nissan 350Z, gari lililotoka kiwandani na 225 mbele na 245 nyuma. Alitaka 285 nyuma, na mbele akataka kubaki na yale yale, kwa kuwa alipenda namna gari linavyoonekana likitazamwa kwa nyuma. Alikuwa amekwisha yanunua mahali pengine pamoja na rimu zake, kwetu alitaka kufungiwa tu. Ami alimweleza fikira zake kwa upole, kijana akashukuru na kushikilia lake, na baada ya kufungiwa Ami akaniambia nifuatane naye hadi barabara ya mlima iendayo Amerat, nikarudi nimwambie nilichokiona. Kwenye njia iliyonyooka gari lilikuwa tulivu, na kijana alifurahi. Kwenye kona za kuteremka lilikuwa kama jahazi lililoongezewa tanga na kuachiwa usukani wake wa zamani: nyuma ilisukuma kwa nguvu zote, na mbele haikuwa na uwezo wa kuigeuza nguvu hiyo, hata kijana akawa anaongeza usukani, anaongeza tena, na matairi ya mbele yanalia bila ya gari kupinda zaidi. Hatukupata dhara, kwa maana alikuwa mwerevu, akapunguza mwendo. Alirudi baada ya muda akitaka 255 mbele, akipanua kidogo na rimu, na hapo gari lilitengemaa. Tangu siku ile nimeshika kwamba upana wa nyuma hauna maana ukiutaja peke yake, ila utajapo pia wa mbele.

Kuna na upande wa pili, nao lazima niutaje kwa insafu. Wapo wenye M3 na magari ya jamii yake ambao huyapeleka kwenye viwanja vya mashindano na kuyatia matairi manne yaliyo sawa, 255 kwa 255, wakitaka pua ishike zaidi na ile tabia ya kutanuka nje iondoke. Wanajua wanachokitaka, nao hupata faida juu yake: matairi yao huweza kubadilishwa mbele na nyuma. Lakini watu hao hupanua mbele mpaka ilingane na nyuma. Yule muuzaji aliyemshauri mpwa wangu atie manne ya 225 alikuwa anaipunguza nyuma ilingane na mbele, na kwenye gari la nguvu hilo ni jambo jingine kabisa.

Ugumu wa matairi yasiyolingana ni kwamba huwezi kuyahamisha. La mbele halivaliki nyuma, na kama kashata zake zimechongwa kuelekea upande mmoja, hata la kushoto haliendi kulia ila livuliwe kwenye rimu. Na ya nyuma, yanayosukuma gari, hulika upesi kuliko ya mbele. Ami alikuwa na daftari la jalada la kijani ambamo aliandika, kwa kila gari la namna hii, kina cha mifereji ya kila tairi mahali patatu: ndani, katikati na nje. Kazi ya kupima ilikuwa yangu. Nilipiga magoti nyuma ya gurudumu, nikaingiza kipimo kwenye mfereji wa nje, kikasoma milimita 4. Wa katikati, 3 na nusu. Kisha nikapenyeza mkono upande wa ndani, usioonekana na mwenye gari hata akizunguka gari lake mara ngapi, nikakuta kipara, na vidole vikagusa nyuzi za chuma zimeanza kutokeza. Sababu yake ni kwamba magurudumu ya nyuma ya magari haya huinamishwa kidogo, juu yakilalia ndani, yapate kusimama vyema konani, na malipo yake ni kulika kwa ukingo wa ndani. Wateja wengi walikuja wakiwa na yakini kwamba matairi yao yana uhai wa mwaka mzima, kumbe alama ya milimita 1.6, ambayo ndiyo mwisho wa tairi, ilikuwa imekwisha pitwa upande wa giza.

Kutokana na kulika huko kusiko sawa ndipo lilipozuka suala la chapa, na juu ya suala hili nina maneno mengi kidogo, kwa sababu ndilo linalochukuliwa kwa wepesi kuliko yote. Mwenye gari la kawaida hununua manne kwa siku moja. Mwenye gari hili hununua mawili ya nyuma leo, mawili ya nyuma tena baadaye, na ya mbele katikati ya safari hizo, kwa hiyo kila mara hujikuta anaoanisha tairi jipya na la zamani. Ami hakuuza mawili ya nyuma kabla hajaangalia mambo mawili: kwanza, kama mtindo ule ule unatengenezwa kwa vipimo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, pili, kama kiwanda hakijaanza kuuacha. Michelin, mathalani, walikuwa na Pilot Sport 2, wakaleta Pilot Super Sport mwaka 2011, kisha Pilot Sport 4S mwaka 2017, na aliyebaki na mawili ya mtindo wa zamani mbele alijikuta hana ya mtindo huo ya kutia nyuma. Ndiyo maana Ami alipenda kuuza mtindo ulio kijana, hata kama uliozeeka ulikuwa na bei nafuu.

Watu husema kwamba matairi ya kiwanda chochote kikubwa, yakiwa na kipimo kimoja, ni mamoja. Sivyo. Ukuta wa tairi moja ni mgumu na wa jingine ni laini. Mpira wa moja huanza kushika likiwa baridi, na wa jingine hutaka kupata moto kwanza. Nakumbuka gari moja lililotujia na chapa yenye kuta ngumu mbele na yenye kuta laini nyuma, zote mbili za viwanda vyenye sifa njema na zote mpya. Mwenyewe alilalamika kwamba gari lina wasiwasi. Nilipoliendesha nilifahamu: ukigeuza usukani pua ilikwenda pale pale, na mkia ukafuata baadaye, ukiwa umechelewa kidogo na kupitiliza kidogo, hata kila kona ikawa na mageuko mawili. Mafundi walikagua springi na shokapu wasione kasoro. Tulipotia mtindo mmoja mbele na nyuma, wasiwasi ulikwisha. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili, ndiyo maana Porsche huweka alama za N0, N1 na kuendelea juu ya matairi waliyoyajaribu, na kuagiza manne yote yawe na alama moja. BMW wana nyota yao, na Mercedes-Benz wana MO. Tairi lenye alama hizo na lisilo nazo huweza kuwa na jina moja na sura moja ilhali ndani yametofautiana.

Ama kuhusu kupanga viwanda kwa ubora, Michelin juu ya Continental, Bridgestone juu ya Pirelli, au Yokohama mbele ya wote, sikuwahi kumsikia Ami akifanya hivyo, na mimi sitafanya. Alimwuliza mteja anakwenda wapi, kwa mwendo gani, na anataka nini kwanza: ukimya, maisha marefu au kushika njia. Hata ile namba ya kulika iliyopigwa chapa ubavuni, 200 au 300 au 400, alinionya nisiitumie kulinganisha kiwanda na kiwanda, kwa sababu kila kiwanda hujipimia chenyewe. Inafaa kulinganisha mitindo ya kiwanda kimoja tu. Aliyoyashika bila ya huruma ni herufi ya mwendo na namba ya uzito: gari lililotoka na Y, yaani kilomita 300 kwa saa, hakulifungia H, ambayo ni 210, hata mwenyewe akiapa kwamba haendi mbio. Joto la Maskati wakati wa kiangazi hupita digrii 40 kivulini, na tairi huharibiwa na joto kabla ya kuharibiwa na mwendo.

Kwa sababu hiyo hiyo alisoma tarehe. Mwishoni mwa maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, na tairi lililokaa ghalani miaka mingi alilirudisha kwa aliyeleta, japokuwa halijagusa njia. Upepo aliupima asubuhi kabla ya jua kupanda, akinifahamisha kuwa kila digrii 10 za joto huongeza takriban pauni 2, na kwamba anayepunguza upepo mchana kwa kuona umezidi, kesho asubuhi ataendesha matairi yaliyolegea.

Tukio lililonikaa zaidi moyoni ni la mvua. Omani mvua ni chache, na ya kwanza baada ya miezi ya ukavu hukuta njia imejaa vumbi na mafuta. Bwana mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa ametia mawili mapya mbele huko alikopata bei nafuu, akaacha ya nyuma yaliyobakiza kina kidogo, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani na breki nyingi. Hoja hiyo nimeisikia Maskati, nimeisikia Dubai, na sasa naisikia Mombasa. Mvua ilimkuta mtaani Ruwi jioni. Aliingia kwenye mzunguko wa njia kwa mwendo ambao kwake haukuwa wa kasi. Matairi ya mbele, mapya, yaliyakata maji na kutii. Ya nyuma yalielea, na gari likageuka likatazama lilikotoka, gurudumu likapiga ukingo wa saruji. Nilitumwa na gari la kuvuta. Nilimkuta amekaa pembeni, kanzu imelowa, hana jeraha, akirudia kusema kwamba hakufanya kosa lolote kwenye usukani. Na ni kweli, hakufanya. Mbele ingeliteleza, angelihisi mikononi mwake. Nyuma ilipoteleza hakupewa habari. Toka hapo, kila aliyenijia na fedha za matairi mawili tu nilimwambia yaende nyuma, na waliobisha niliwasimulia habari ya kanzu ile.

Nina la kusema kidogo juu ya magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, kwa kuwa nayo yanashuka kwa wingi. BMW X5 4.8is ilikuwa na 275/40 mbele na 315/35 nyuma, rimu za inchi 20: milimita 728 kwa 728 na nusu. Mtu mmoja alipata 295/40 kwa rahisi akayatia nyuma, naye akadhani amepunguza upana tu, kumbe ameongeza kimo hadi 744. Matairi ya mbele na ya nyuma yakawa hayazunguki sawa, na kile kifaa kinachogawa nguvu baina ya mbele na nyuma kikawa hakipumziki hata kwenye njia iliyonyooka, mpaka kikaanza kunguruma. Kukitengeneza kuligharimu zaidi ya matairi ambayo alikuwa ameyakwepa.

Sasa narudi kwa mpwa wangu. Njia zetu si njia za Maskati. Kutoka Nyali hadi Malindi kuna matuta yasiyo na alama na mashimo yanayofichwa na maji ya masika, na ukuta wa tairi wenye kimo cha milimita 102 hauna nafasi kubwa ya kujikunja kabla rimu haijagonga. Uvimbe unaotokea ubavuni baada ya shimo ni nyuzi zilizokatika ndani, na tairi hilo halitengenezwi. Zaidi ya hayo, gari lake halina tairi la akiba, kwa kuwa lilitoka na matairi yanayoweza kwenda kidogo yakiwa hayana upepo, na hata lingekuwa nalo, moja lisingefaa mbele na nyuma. Nimemwambia kwamba akipenda kubaki na rimu za 18, basi 225/45 mbele na 255/40 nyuma, manne ya kiwanda kimoja na mtindo mmoja, mapya na ya mwaka wa karibu. Akichagua yasiyo ya kwenda bila upepo, achukue pampu ndogo na vifaa vya pancha. Na kama breki zake si zile kubwa zinazodai rimu ya 18, namsihi zaidi achukue rimu za 17 na 225/50 pande zote nne, kipimo ambacho BMW wenyewe walikitoa kwa umbo hilo. Ukuta unakuwa na kimo cha milimita 112 na nusu, kipenyo kinabaki karibu na kile kile, na ataweza kuyahamisha. Ni kweli kwamba hapo nyuma inapunguzwa ilingane na mbele, kama alivyotaka yule muuzaji wa kwanza, lakini hapa sababu ipo, nayo ni mashimo, na hakuna aibu yoyote ya kupoteza upana, kwa sababu njia ya Malindi si kiwanja cha mashindano. Uamuzi ni wake. Ila ya mtumba, yaliyotolewa kwenye magari mengine na kupakwa rangi nyeusi yang'ae, nimemkataza kabisa, na wewe msomaji nakukataza pia.

Wauza matairi wa Mombasa na Dar es Salaam nawaomba jambo moja, walifanye kwa hisani kabla ya kutaja bei: wafungue mlango wa dereva, wasome karatasi ya vipimo iliyobandikwa kwenye nguzo, na wamsomee mteja kwa sauti kipimo cha mbele na cha nyuma. Na mwenye gari, usiondoke dukani kabla hujapenyeza mkono wako upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Na ukiwa na fedha za mawili tu, yatie nyuma.